Wakafika Kwenye Jina Lake

Sitajifanya mnyenyekevu. Mwaka 2012, ukianzia daraja la Turkwel hadi kiwanja cha ndege cha Lodwar, hakukuwa na mtu mwingine mwenye vitabu ishirini na viwili vya mwandishi mmoja wa hadithi za anga. Nilikuwa peke yangu, na nilitembea mjini nikilijua hilo. Wenzangu ofisini walijivunia pikipiki, kuna mmoja aliyejivunia friji, na mwenye nyumba wangu alijivunia mbuzi ambao hata idadi yao hakutaka itajwe. Mimi nilikuwa na sanduku la bati, lile nililokwenda nalo shule ya bweni, na ndani yake alikaa mwandishi wangu mzima, kasoro kurasa kadhaa. Hizo kurasa ndizo kisa chenyewe.

Kwetu ni Magharibi. Nilipopata barua ya kwenda Turkana, idara ya maji, jamaa walikuja nyumbani na nyuso za matanga. Shangazi mmoja aliniombea mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilikuwa chumbani nikivisha vitabu karatasi za kaki, kimoja kimoja, na kutia majani ya mwarobaini katikati ili mchwa wasisogee. Kumbe mchwa hawakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa joto. Kitabu kikishinda kwenye chumba changu cha mabati kule mtaa wa Nawoitorong, Lodwar, gundi yake hulegea, na ukikifungua kurasa zinakudondokea mapajani. Nilivifunga kwa mipira ya kufungia karatasi, mipira nayo ikayeyuka na kugandana na majalada. Shindwe! Nilipambana na lile joto kila siku, na kila siku lilinishinda.

Vitabu hivyo nilivikusanya kwa miaka kumi na minane. Vingi nilivipata kwenye mitumba, vimetandazwa chini kwenye gunia, Kitale, Eldoret, Nairobi, vikiwa na mihuri ya maktaba za nchi ambazo sitazifikia. Kimoja nilikikuta kwa daktari wa meno Kisumu, kwenye meza ya wagonjwa wanaosubiri. Dada yangu husema nilikiiba. Nilikiomba, na daktari akakubali kwa kichwa huku akiwa na koleo mdomoni mwa mtu. Hiyo ni ruhusa.

Kila Januari nilianza upya, kuanzia kitabu alichokiandika akiwa kijana hadi cha uzeeni. Kuna watu wanaosoma kitabu mara moja wakakiacha, na mimi siwaelewi, ni sawa na kumsalimia mtu mlangoni kisha ukaondoka bila kuingia ndani. Mara ya nne ndipo unaona alichokificha. Mara ya saba unaanza kumjua hasira zake, chakula anachokipenda, watu anaowaogopa. Nilimjua mwandishi wangu kuliko nilivyowajua wajomba zangu.

Dereva wa ofisi yetu, Mturkana wa Lokori, mtu mrefu anayecheka kwa pua, ndiye aliyenitesa zaidi. Tulikuwa tukienda visimani kwa saa tatu au nne, yeye akiendesha, mimi nikisoma. Siku moja alichungulia jalada langu la kaki.

"Madam, hii kitabu si ulimaliza mwaka jana?"

"Nilikimaliza."

"Na ile mwaka ingine?"

"Pia."

"Sasa unatafuta nini ndani? Ulipoteza kitu?"

Nilimwambia aangalie barabara. Lakini alikuwa amenigusa penyewe, maana ni kweli nilikuwa nimepoteza kitu, na nilikipoteza ndani ya kitabu.

Kitabu cha kwanza nilichosoma cha mwandishi huyu nilikipata nikiwa kidato cha pili, kimeachwa na mwalimu wa kujitolea aliyerudi kwao. Ni hadithi ya watu ambao dunia yao iliharibika, wakahamishwa na kuwekwa kwenye sayari kavu, kwa muda tu, wangoje chombo cha kuwapeleka mahali pa kudumu. Muda tu huo ukawa miaka kumi na saba. Kati yao kuna mwanamke ambaye kazi yake ni kwenda kila alfajiri kupima maji ya hodhi kwa fimbo yenye alama, kisha kuwatangazia watu kila mmoja atapata kiasi gani. Hana mume, hana mtoto, ana fimbo. Mwishowe chombo kinafika, lakini hakiwezi kuwachukua wote, kwa hiyo majina yanasomwa. Na katika nakala yangu, chini kabisa ya ukurasa wa mwisho uliobaki, imeandikwa kwa Kiingereza, nami natafsiri: "Wakafika kwenye jina lake, naye"

Basi. Hapo kitabu kimechanika. Kurasa zilizofuata wasichana wa bweni walizimaliza kwa kazi ambayo siwezi kuiandika hapa.

Naye nini? Naye akapanda? Naye akakataa? Naye akazimia? Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikakaa kitandani nikiwa nimekikumbatia kile kitabu, nikalia kwa hasira. Tangu hapo nilitafuta nakala nzima kila nilikopita. Nilipata vingine vyote ishirini na kimoja, hicho kimoja sikukipata. Wauzaji walinizoea, wakiniona tu wanatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Na usiniulize kwa nini, kati ya idara zote za serikali, mimi niliomba ya maji.

Mwezi wa nane mwaka huo tulitumwa Kakuma kupima kina cha visima. Nikiwa nimeinama kwenye pampu, sketi yangu ikanaswa na chuma ikapasuka kutoka juu hadi chini. Dereva aligeukia upande wa pili kwa heshima, mabega yakimtetemeka. Nilijifunga leso, akanipeleka sokoni kwenye kambi ya wakimbizi, kwa fundi wa nguo.

Fundi alikuwa mama wa Kikongo, makamo, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hapo kambini alikuwa na cherehani chini ya turubai, na benchi ambalo watu walikaa hata kama hawana nguo ya kushona. Aliniambia, "Karibu dada, kaa." Nikakaa. Kando ya cherehani kulikuwa na kijitabu chembamba, jalada lake kipande cha kitenge chenye maua ya manjano. Mimi siwezi kukaa karibu na kitu kilichochapishwa nisikisome. Nikakifungua.

Ilikuwa yule mwanamke. Alfajiri, hodhi, fimbo yenye alama. Sentensi niliyoijua kwa moyo tangu nikiwa na sare ya shule.

Nilipiga ukelele mpaka muuza sukari wa jirani akatoka nje. Nilirukaruka na leso yangu, mimi afisa wa serikali, nikisema, "Ni chake! Ni chake hiki!" Kisha nikakiangalia vizuri. Kilianza ukurasa wa arobaini na kitu, kikaishia wa tisini. Kilikuwa kimekatwa. Mtu alichukua wembe akakipasua kitabu cha mwandishi wangu kama mkate.

"Nani kafanya unyama huu?"

"Ni mimi," fundi alisema, wala hakuinua macho kwenye sketi yangu. "Tuko batu kumi na moja na kitabu iko moja. Kama hatukukata, wa mwisho angesoma mwaka gani?"

Ndivyo walivyofanya. Kitabu kilipoingia mikononi mwao, fundi alikikata vipande vitano, akakishona kila kipande kwa uzi wa nguo na kukivisha kitenge. Watu watano walisoma kwa wakati mmoja, na wengine walisubiri zamu. Kulikuwa na sheria moja. Hupewi kipande kinachofuata mpaka ukae kwenye lile benchi, usimulie ulichosoma, na wenzako wakubali. Na hakuna ruhusa ya kuzungumzia kipande ambacho msikilizaji hajakifikia, hata neno moja.

Nikamwambia sina haja ya vipande vinne, nimevisoma mara zisizo na hesabu. Nataka cha tano tu.

"Basi simulia," akasema.

Nilicheka. Mimi! Kusimulia kitabu hicho! Niliketi wima, nikasafisha koo, nikaanza. Muuza sukari, Msomali wa makamo mwenye ndevu za hina, alikuja akasimama. Akaja mama mmoja wa Sudan Kusini na mtoto mgongoni. Nilisimulia kwa madaha, na mikono, na sauti za watu. Nilipofika mahali mwanamke anamwaga siri ya hodhi kwa mdogo wake wa kiume, yule anayeogopa giza, nikaona wanatazamana.

"Mdogo gani?" muuza sukari akauliza.

"Mdogo wake. Anayeogopa giza."

"Hakuna mdogo," akasema. "Huyu mama yuko peke yake."

Tulibishana. Nilipandisha sauti, nikawaambia wao wamekijua kitabu hiki juzi tu. Fundi akaleta kipande cha pili na cha tatu, akaviweka mapajani mwangu. Nikapekua. Nikapekua tena. Hakukuwa na mdogo. Uso ulinichoma, maana hapo hapo nilikumbuka: nilimtunga mwenyewe, kidato cha tatu, kwenye daftari, kwa sababu sikuvumilia kuona yule mwanamke akiwa peke yake. Halafu kwa kurudia kusoma miaka nenda miaka rudi, nikasahau kwamba nilimtunga. Nilikuwa nasoma nikimwona, wakati hayupo.

"Rudi mwezi kesho, dada," fundi akasema kwa upole, akanipa sketi yangu. Haki ya nani, nilifelishwa mtihani kwenye cherehani. Dereva alicheka kutoka Kakuma hadi Lodwar, akinyamaza tu kubadilisha gia.

Nilirudi nyumbani nikasoma kitabu changu upya, safari hii kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwezi uliofuata niliketi kwenye benchi nikasimulia bila kuongeza chumvi hata punje. Nilipomaliza, muuza sukari alisema, "Sawa." Sijawahi kupata cheti kilichonifurahisha kuliko hiyo sawa.

"Nipeni kipande cha tano," nikasema, mkono umenyooshwa.

Kisha fundi akaniambia, kwa kuwa sasa nilikuwa na haki ya kujua. Kipande cha tano hakikuwepo. Msomaji mmoja jina lake lilibandikwa ubaoni, kwenye orodha ya wakimbizi wanaohamishiwa nchi nyingine, akasafirishwa kwenda Amerika, na katika haraka ya kufunga mizigo akaondoka na kipande ndani ya mkoba. Hakuiba, alisahau. Mwisho wa kitabu changu ulikuwa umepanda ndege.

Nilikaa chini, kwenye vumbi, siyo kwenye benchi. Miaka kumi na minane! Mama wa Sudan Kusini akanipa maji.

"Usilie," fundi akasema. "Mimi nilisoma hiyo kipande mara mbili, na nilisikiliza ikisimuliwa mara sita. Minaijua yote. Nikwambie?"

"Funga mdomo!" Niliziba masikio kwa viganja vyote viwili. Hilo lilikuwa neno la ufidhuli kwa mtu mzima kama yeye, nikaomba radhi papo hapo. Lakini sikutaka kuambiwa. Kuambiwa mwisho wa hadithi uliyoingoja hivyo ni sawa na kuambiwa ladha ya nyama. Nilitaka kuusoma, karatasi mkononi, nikigeuza ukurasa.

Alinitazama juu ya ile miwani. "Basi nitaandika," akasema.

Tulikubaliana hivi: kila nitakapokuja kazini Kakuma, ataniandalia kurasa kadhaa kwenye daftari, kwa Kiswahili, maana Kiingereza chake kilikuwa cha kusoma tu. Nami nitaleta kitabu kimoja kutoka kwenye sanduku. Vitabu vyangu havikuwahi kutoka nje ya nyumba. Dada yangu wa damu alinyimwa. Tena niliwaza wembe.

"Hatutakata," akasema, akiwa ameyasoma mawazo yangu. "Hiki ni chako. Tutasoma polepole."

Nilipeleka cha kwanza Novemba, nimekifunga kwenye mfuko wa plastiki na leso mbili. Sikulala vizuri mwezi mzima, nikidhani ni mvua, ni mbuzi, ni mtoto na uji. Kiliporudi nilikikagua kwenye mwanga kama daktari. Kurasa zilizokuwa zikidondoka zilikuwa zimeshonwa kwa uzi mweupe, mishono midogo iliyonyooka, na uti wa kitabu umeshikwa na ukanda wa kitenge. Kilifunguka vizuri kuliko siku nilipokinunua. Joto la Nawoitorong likatafuta gundi ya kulegeza, likakuta uzi. Ebo! Nilikibeba hadi ofisini nikawaonyesha watu wote, hata yule wa friji.

Na ndani ya daftari kulikuwa na kurasa sita za kwanza za kipande cha tano, kwa mwandiko wa mwalimu, herufi zimesimama kwenye mstari. Majina yanasomwa. Watu wamekusanyika. Lakini fundi alianza mwanzo wa kipande, nyuma sana ya pale nilipoishia, eti hadithi lazima iingie mlangoni kwa miguu yake, kwa hiyo nilikuwa bado sijafika kwenye "naye". Na kulikuwa na mabano. Aliniambia mapema: maneno ya mwandishi ameyaandika wazi, yake mwenyewe ameyafungia kwenye mabano, nisije nikafikiri anatunga. Mimi niliyekuwa nimemzaa mdogo mzima wa uongo nilikubali.

Bano la kwanza lilisema hivi: (Hapa mwandishi amekosea. Foleni ya maji haiko hivi.)

Nilikasirika. Nilifika Kakuma safari iliyofuata nikiwa na hotuba tayari. Nani alimpa ruhusa ya kumsahihisha mwandishi wangu? Mtu aliyeandika vitabu ishirini na viwili!

"Ameandika batu wanasimama kwenye jua toka asubuhi, mmoja nyuma ya mwingine, wakingoja maji," fundi akasema huku akikanyaga cherehani. "Miaka kumi na saba! Dada, huyu mwandishi yako minamupenda sana. Lakini hajapanga foleni hata siku moja. Angalia pale."

Aliinua kidevu kuelekea bombani. Nikaangalia. Mitungi ya njano ilikuwa imepangwa foleni, mirefu kwa mifupi, mmoja umefungwa kitambaa chekundu, mwingine umetiwa jiwe juu. Watu hawakuwepo. Watu walikuwa kivulini, wanasukana nywele, wanapiga soga. Mtungi ndio unaosimama, na ole wake atakayeusogeza wa mwenzake. Hakuna mtu mwenye akili anayesimama juani miaka kumi na saba wakati ana mtungi.

Mimi ni mtu wa maji. Nilikuwa nimeiona foleni hiyo Kakuma, Lodwar, Lokori, kila wiki, kwa macho haya. Na nilikuwa nimelisoma kosa hilo kwenye kitabu mara thelathini bila kuliona. Hotuba yangu niliimeza. Nilimwambia, "Umempata," na nikashangaa kuona sijaumia. Nilijisikia fahari, kama mtu ambaye rafiki yake mmoja amemshinda rafiki yake mwingine mchezo wa bao, na wote ni wake.

Mwaka 2013 ulipita hivyo. Uchaguzi ukaja ukaisha, ofisi zikaanza kubadilisha mabango kuwa ya kaunti, nami nikaendelea kubeba vitabu Kakuma kimoja kimoja na kurudi na kurasa. Wataalamu walipotangaza kwamba setilaiti zimeonyesha maji mengi sana chini ya ardhi ya Turkana, wenzangu walishikana mikono ofisini. Mimi niliwaambia nimeshayasoma hayo kwenye kitabu cha tano cha mwandishi wangu, miaka mingi iliyopita, wakanizomea. Kule kambini, wasomaji walifika kitabu cha kumi na moja. Mabano yaliongezeka. (Mtoto hawezi kulia hivi kwa njaa, njaa ya siku nyingi hainaga sauti.) (Mzee huyu angeficha kadi yake ya mgao kwenye kiatu, siyo kwenye kofia.) Nilikuwa nayasoma mabano kwa hamu ileile niliyoisomea hadithi.

Lakini kadiri nilivyokaribia mwisho, ndivyo kurasa zilivyopungua. Sita, nne, mbili. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, anataka kuiandika vizuri. Dereva alisema, "Madam, huyo mama anajua ukimaliza hutarudi." Nilimwambia anyamaze, na nikajua kwamba amesema kweli, na kwamba mimi pia nilikuwa najikuta sifanyi haraka.

Mwezi wa kumi tulikwenda Kakuma asubuhi. Turubai lilikuwepo, benchi lilikuwepo, lakini kwenye cherehani alikuwa ameketi mama wa Sudan Kusini, anajifunza kushona kola. Nilijua kabla hajasema.

Majina yalikuwa yamebandikwa, kisha yakaitwa, lake likiwemo. Alikuwa amepewa siku chache tu za kujiandaa, na ndege ilikuwa imeondoka juma lililopita. Muuza sukari alitoka dukani na kifurushi cha kitenge chenye maua ya manjano. "Amekuachia," akasema. "Alikuwa anaandika hata siku ya kufunga mizigo. Tulimwambia funga nguo, akasema ngoja."

Nilikaa kwenye benchi lile. Dereva alikuja akakaa kando yangu, safari hii bila kucheka. Ndani ya kitenge kulikuwa na daftari la mwisho. Nilisoma kwa sauti, kwa sababu muuza sukari naye hakuwahi kupata zamu ya kipande cha tano.

"Wakafika kwenye jina lake, naye hakuwapo. Alikuwa amekwenda kupima maji, kama siku zote, maana chombo kije kisije, watu watakunywa nini jioni? Msomaji akaliita jina mara ya pili. Akashika kalamu kulifuta. Ndipo wale waliokuwa wamesimama, wale ambao majina yao hayakuwamo na walijua hayatakuwamo, wakaitika wote kwa sauti moja kwa niaba yake: Yupo! Yupo! Yupo! Na mmoja akakimbia kwenda kuipokea ile fimbo."

Hapo hadithi inaisha. Chini yake kulikuwa na bano moja, la mwisho.

(Hapa mwandishi amepatia. Walipoita jina langu, mimi pia nilikuwa ninashona. Ni hawa wa benchi waliniitikia.)

Nililia pale sokoni, mchana kweupe, na muuza sukari akageukia dukani kwake akijifanya anapanga pakiti. Mama wa Sudan Kusini aliendelea kukanyaga cherehani, kola yake ikienda upande. Huzuni ilikuwepo, nisidanganye. Lakini fahari ilikuwa kubwa zaidi. Nilimwonea fahari mwandishi wangu, ambaye hakuwahi kupanga foleni lakini aliwajua watu wa foleni. Nilimwonea fahari fundi. Nikajionea na mimi mwenyewe, kwa sababu ningekipata kitabu hicho kizima Kitale nikiwa na miaka ishirini, ningeupita mwisho huo nikiwa nimeinamisha kichwa, nikakifunga, nikaenda kupika.

Vitabu ambavyo kambini walikuwa hawajavisoma niliwapelekea, viwili viwili. Siku hizi mtu akiniambia ameiona nakala nzima ya kile cha kwanza mahali fulani, namwambia asante, na siendi. Yangu ninayo. Imekaa kwenye sanduku la bati, kurasa za mbele za Kiingereza zimeshonwa uzi mweupe, za nyuma za mkono kwenye madaftari, mabano yote yamo. Anayetaka kuisoma aje nyumbani, nitampa. Ila kwanza atakaa, nami nitampa kipande cha kwanza tu, na cha pili hatakipata mpaka asimulie.